Mchicha unanyauka kwenye mchanga wa Shangani

Mkazi wa Shangani, Mtwara
Habari zenu, ndugu zangu. Uwanja wangu ni mchanga mtupu, na mchicha hunyauka kabla ya saa sita mchana ingawa ninaumwagilia kila asubuhi. Ningependa pia mimea michache ya dawa kando ya matuta. Nianzie wapi kabla mvua za Desemba hazijashika?

Mkulima wa Mikindani
Mchanga haushiki maji wala rutuba, kwa hiyo kuongeza maji pekee hakutakusaidia. Chimba tuta la kuzama, yaani sehemu ya kupandia iwe chini kidogo kuliko njia, uchanganye samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, kisha utandaze majani makavu juu yake. Umwagiliaji ugawe asubuhi na jioni. Mchicha ukistawi, utauchuma baada ya wiki tatu au nne hivi.

Bibi wa Lindi Mjini
Mchaichai na kivumbasi havina usumbufu. Mchaichai upandikize kwa shina lenye mizizi, mwishoni mwa tuta, kwa sababu hutanuka mno. Mwarobaini usiusogeze karibu na mboga, kwani kivuli chake ni kikubwa; lakini majani yake yakitwangwa, yakalowekwa usiku kucha, yakachujwa na kutiwa sabuni kidogo, hufukuza vidukari. Kuyanywa ni jambo jingine, na mjamzito asithubutu.

Mkazi wa Shangani, Mtwara
Shikamoo bibi, ahsante. Je, samadi ya kuku inafaa?

Mkulima wa Mikindani
Inafaa, ila ni kali zaidi. Ikiwa mbichi huunguza mizizi.