Kina mama kucheza rede uwanja wa mtaa: watengewe muda au ni utoto?

Mjumbe wa Shina
Wadau, naomba michango kabla ya kikao cha mtaa. Kina mama, wengi wa miaka 30 hadi 55, wameomba waachiwe uwanja Jumanne na Alhamisi, saa 11 jioni hadi 12 na nusu, wacheze rede: wawili wanarusha mpira kutoka pande mbili, wa kati wanaukwepa huku wakijaza chupa mchanga. Vijana wa mpira wamegoma. Wenye maturubai ya shughuli nao wana lao. Uwanja ni eneo la wazi, hauna mwenyewe. Swali langu: mtu mzima ana haki ya kutengewa muda wa kucheza, au kucheza ni kwa watoto na wakubwa watafute mazoezi mengine?

Kete Mbili
Nchi hii ina mambo. Mtu ana mume, ana wajukuu, anarukaruka na chupa ya mchanga saa ya kuinjika chakula! Wakitaka mazoezi watembee kwenda sokoni na kurudi. Halafu hiyo wanayocheza siku hizi kwa mpira wa tenisi si rede, ni fujo.

Shangazi wa Tandika
Kete Mbili kaka yangu, jina lako limekuchongea. Drafti ya vizibo 12 vya Fanta, 12 vya Coca, saa nne asubuhi mko chini ya mwarobaini mpaka jua linazama, na hakuna aliyewauliza nani anainjika. Sisi saa moja na nusu tu, mara mbili kwa wiki, imekuwa nongwa. Daktari anasema dakika 30 kila siku, hakusema isipokuwa wanawake.

Kete Mbili
Drafti ni akili, bibie. Mchezaji anayejua anakulisha kete moja, anakula tatu, anaingia kingi. Usifananishe na kukimbizana.

Winga Teleza
Mjumbe, Jumanne ni siku ya mazoezi, ligi ya mtaa ipo mlangoni. Kwani rede inataka uwanja mzima? Mstari kwa mstari ni kama hatua 12, upana hatua 6. Nyuma ya goli la kusini panawatosha.

Shangazi wa Tandika
Nyuma ya goli ndipo mashuti yenu yanapotua, Winga. Unataka tukwepe mipira miwili kwa wakati mmoja?

Fizio Mstaafu
Hizo dakika 30 ni hesabu ya 150 ukigawa kwa siku tano. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unampa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za kuhema sana, na juu yake siku mbili za kutia misuli kazi. Hiyo ya mwisho ndiyo kutembea kwenda sokoni hakuitoshelezi. Rede inaigusa: kila gao la mchanga ni kuchuchumaa, kujaza, kuinuka, kuruka upande kabla hujasimama sawasawa. Mapaja na makalio yanafanya kazi.

Ila wanaoumia hawaumizwi na mpira. Kubwa ni kifundo cha mguu kupinduka kwenye shimo, na kano la kisigino kukatika. Hilo la pili humpata zaidi mtu wa miaka 30 hadi 50 aliyekaa wiki nzima kisha akachomoka ghafla. Anasikia kama amepigwa teke kwa nyuma, anageuka hakuna mtu. Dawa ni dakika 10 kabla ya kuanza: kutembea haraka, kwenda upande upande, kuinuka kwa vidole mara 15, kisha kurusha mpira polepole. Na mpite uwanjani mnafukia mashimo na kuokota vyupa. Pekupeku kwenye uwanja usiosafishwa ni kutafuta pepopunda.

Mama Wawili
Fizio, sema na lile la kuruka baada ya kuzaa. Kuna wanaokataa kuja, wanasingizia aibu ya watu, kumbe mkojo unaponyoka.

Fizio Mstaafu
Ni misuli ya sakafu ya nyonga, hulegea kwa ujauzito na uzazi. Ibane kama unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, hesabu hadi 5, achia kabisa, rudia mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na ukizoea hesabu hadi 10. Kosa la wengi ni kubana makalio au kuzuia pumzi. Wengine wanaifanyia mazoezi wakiwa chooni wanakojoa, hapana, kibofu kitabaki na mkojo. Yataka miezi mitatu kuona tofauti. Wakati huo mtu asimame upande wa kurusha, asiingie kati.

Kete Mbili
Hakuna aliyejibu la mpira wa tenisi. Mnakimbilia nyonga.

Nage Unguja
Nakujibu mimi. Mpira wa tenisi una gramu kama 58, lakini ni mgumu, unadunda, na ukimpata mtu jichoni ni hospitali. Ukimkosa unakwenda hadi barabarani, nusu ya jioni inaishia kuufuata. Wa soksi hutua palepale. Chukua vipande vya sponji ya godoro, vifungie kitambaa, tia ndani ya soksi, sokota mdomo, igeuze soksi irudi juu yake mara mbili au tatu, shona. Ukubwa wa chungwa. Usitie jiwe katikati ili "uende mbali", hiyo ndiyo inayotoa watu manundu. Na mvua ikinyesha uacheni, sponji hunywa maji ukawa kama tofali.

Mwana wa Kisauni
Soksi pekee haina nguvu. Hapa Mombasa twafunga makaratasi ndani, juu nailoni, kisha kamba. Haunywi maji.

Nage Unguja
Nailoni ipi, shemeji? Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku.

Mwana wa Kisauni
Kwetu Kenya ni tangu 2017. Bara walituiga. Mfuko wa mkate bado upo, au nao mwaogopa?

Winga Teleza
Marufuku Tanzania ni 2018.

Nage Unguja
Bara ni Juni 2019, Winga. Kaza kukimbia.

Mjumbe wa Shina
Jamani, uwanja.

Shangazi wa Tandika
Mjumbe, mkumbushe mwenyekiti kwamba Desemba 2016 mama Samia, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya watu kufanya mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Kigali wanafunga barabara kuu Jumapili mbili kwa mwezi watu wakimbie. Sisi hatufungi barabara, tunaomba mchanga.

Kete Mbili
Kampeni ilisema mazoezi. Haikusema rede.

Winga Teleza
Mimi nawapa Alhamisi yote. Jumanne hapana. Na chupa za kioo msilete, tunacheza pekupeku palepale.

Shangazi wa Tandika
Nani bado anatumia kioo? Ni ya maji ya nusu lita, ya plastiki, mdomo mwembamba ndio utamu. Mchanga uwe mkavu, mbichi unaganda mdomoni. Ikijaa unamwaga, unapiga "rede!", unaanza upya.

Mwana wa Kisauni
Unamwaga? Si ikijaa ushashinda?

Nage Unguja
Bila kumwaga mchezo haujaisha, na ukipigwa wakati unamwaga umetoka.

Kete Mbili
Hapo nakubaliana na Unguja. Na anayetoka anaokolewa na mwenzake aliyebaki, si anakaa pembeni moja kwa moja kama mnavyofanya Tandika.

Shangazi wa Tandika
Kumbe unaijua! Kuokolewa ni mkimaliza chupa mbili, si moja.

Kete Mbili
Moja. Tangu lini mbili?