Naomba ushauri: picha nzito kwenye imeili, natumaje bila kuwaumiza wenzangu?

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo. Nimeskani picha za zamani za ukoo, babu na bibi wakiwa vijana, na nimekuwa nawatumia ndugu kama 40 kwa imeili, wote kwa mpigo. Juzi nikatuma 5, kila moja MB 4, nikaona poa tu, kumbe shangazi bando limemuishia kabla hata picha ya pili haijafunguka, na ndugu wengine wawili imeili imerudi, haijawafikia kabisa. Imeniuma, maana shangazi ndo mwenye hamu nazo kuliko wote.

Nimekuja kuelewa faili likiambatanishwa linavimba kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo MB 20 zangu zilifika kama 27 na huduma nyingi zinagomea 25. Nimejaribu kupunguza moja hadi upana wa pikseli 1600, ikashuka chini ya MB 1 na kwenye simu inaonekana safi, ila nikizumu yale maandishi ya kalamu chini ya picha, majina na mwaka, hayasomeki vizuri.

Nawaza nitume ndogo kwa imeili halafu kubwa niziweke kwenye hifadhi ya mtandaoni niwape linki, anayetaka apakue mwenyewe. Tatizo wazee linki wanaziogopa, wanahisi ni matapeli, na siwalaumu. Aliyepitia hili alifanyaje? Na upana gani unatosha maandishi yasomeke?