Mrejesho: tumemwona kipozamataza wa Beesley

Wakuu, niliuliza humu jinsi ya kuwapeleka vijana wetu wa Arusha kumwona kipozamataza wa Beesley, ndege mdogo wa nyikani, bila kukodi gari la watalii. Asanteni sana, tumemwona!

Tulifuata ushauri wenu: Noah (gari ndogo za abiria) za Namanga alfajiri, tukashuka kijiji cha Engikaret njiani, tukamtafuta mzee wa boma na kumwomba kijana wa kutuongoza. Tulimlipa, na alistahili kila shilingi. Anamjua ndege huyu kwa mwendo tu. Ni mdogo, rangi ya vumbi, mkia mfupi wenye ncha nyeupe, anatembea chini akisimama wima. Ukiangalia mbali humwoni kabisa, hata kwa darubini. Binti wa kidato cha pili ndiye aliyemwona kwanza kati yetu, akashindwa hata kusema!

Kilichonigusa zaidi: duniani kote anajulikana hasa kwenye mbuga hizi za kaskazini mwa Arusha, na anapenda nyasi fupi, zile zinazolishwa na mifugo ya Wamasai. Sehemu hiyo ikilimwa, hana pa kwenda. Vijana wetu wanapaswa kulijua hili.

Maji bebeni ya kutosha, kivuli hakuna.

Wakuu wa Moshi, sasa tunamtaka kwera wa Taveta, ndege anayefuma kiota. Tuanzie wapi?