Kibao cha namba kimepauka kwa jua, nikipake nini?

Mkaa Jambiani
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nna Noah, nachukua wageni uwanja wa ndege nawapeleka Paje na Jambiani. Kibao cha namba cha mbele kimepauka, ukiwa mbali nane inasomeka kama tatu. Cha nyuma kizima kabisa. Juzi trafiki kanisimamisha Tunguu, kainama, kasoma herufi moja moja kwa kidole, akaniambia nikishughulikie kabla hatujaonana tena. Tangu siku hiyo nikiona sare nyeupe mbele moyo unanienda mbio. Nipake vanishi? Au nitie kile kifuniko cha plastiki?

Mpemba wa Konde
Waalaykum salaam. Jua si la kuchezea. Sisi huku karafuu tunaianika siku chache tu, unaiona kijani inageuka nyekundu, kisha hudhurungi, inakatika ukiikunja. Sasa hicho kibao kimeanikwa miaka mingapi? Vespa yangu namba ilififia nikaona si kitu, mpaka siku nimeshuka Mkoani kupokea mzigo, mlinzi wa geti hakuweza kuiandika kwenye daftari lake. Nimekaa nje hadi magharibi.

Fundi Kwerekwe
Vanishi usipake. Kibao ni bati la alumini, juu yake kuna utando wenye chembe ndogo mno zinazorudisha mwanga wa taa usiku kule ulikotoka. Ukipaka vanishi ya mbao unazifunika chembe, na vanishi yenyewe inageuka manjano juani. Kifuniko chenye tinti ndiyo kujitafutia kesi. Hata kile cheupe cha bei rahisi kinaingia ukungu, tena mchanga na chumvi vinakaa ndani yake vikisugua.
Ila nina suali. Ukiwa karibu, hiyo nane ikoje?

Mkaa Jambiani
Ukiwa karibu inasomeka. Nimeitengeneza kidogo.

Fundi Kwerekwe
Umeitengeneza kwa nini?

Mkaa Jambiani
Kwa rangi ya kucha nyeusi ya mke wangu. Msinielewe vibaya, sijabadilisha namba. Nimefuata nyayo zake zile zile, kwa kijiti cha meno, taratibu, saa nzima nimepiga magoti. Namba ni yangu, iko kwenye kadi. Nilichobakisha ni kitu cha kuilinda isitoke mvua za masika zikianza.

Bi Tunu
Mwanangu, mie gari siijui ila nitasema. Mjukuu wangu aligongwa akitoka chuoni, gari ikakimbia. Watu wanne waliiona. Wote walisema Z, herufi ya mwanzo ya namba zetu Zanzibar, baada ya hapo kila mtu namba yake. Mguu umepona lakini anachechemea hadi leo. Ile namba haikuwekwa kwa ajili ya trafiki tu. Nakuomba, futa hiyo rangi ya kucha.

Mkaa Jambiani
Pole sana bi. Nimekusikia.

Chukwani
Jamani mnajibu nini hapa? Gari moja, jua moja, kibao cha mbele kife, cha nyuma kibaki kizima? Hadithi imetungwa hii. Huyu anatafuta namna ya kuificha namba, kaja na machozi.

Mkaa Jambiani
Wallahi sijatunga. Naegesha ufukweni, pua ya gari baharini, kila siku mahali pamoja. Nimetoka kukiangalia sasa hivi. Utando umenyanyuka pembeni kama ganda la kitunguu, ukiugusa unavunjika. Chini ya skurubu mbili kuna michirizi ya kutu imeshuka mpaka kwenye Z. Hayo nayatungaje?

Fundi Kwerekwe
Chukwani, hapo mwachie. Jambiani bahari iko mashariki. Jua la saa sita linapiga boneti na paa, kibao kimesimama halikipati sana. La asubuhi liko chini, linakipiga usoni, na maji na mchanga mweupe vinaliongeza. Tia na chumvi ya upepo wa kaskazi. Cha nyuma kinatazama minazi.
Lakini utando ukishavunjika hakuna dawa. Kinachotakiwa ni kibao kipya. Kwa nini hutaki kwenda kuomba?

Mkaa Jambiani
Kadi ina jina la shemeji yangu, yuko Maskati. Nilipouliza nikaambiwa aje mwenye kadi, au nilete barua yake. Tuligombana kwa pesa za gari hii hii, mwezi wa nne huu hatujasemeshana. Ndiyo maana nilitaka kukisukuma hiki hiki.

Mpemba wa Konde
Basi suali lako tangu mwanzo ni la shemeji, si la jua.

Bi Tunu
Mpigie baada ya isha. Usianze na pesa, anza na hali ya watoto.

Fundi Kwerekwe
Ukipata kipya, kabla hujakifunga pitisha nta ya gari, nyepesi, rudia kila miezi miwili mitatu. Osha kwa maji baridi na sabuni laini, chumvi isilale juu yake. Stilwaya, petroli na tina ya kuyeyushia rangi mbali kabisa. Mashine ya presha usiielekeze pembeni, ndipo utando unapoanza kunyanyuka. Skurubu za kawaida tupa: chuma na alumini vikikutana na chumvi, alumini inaliwa, unaona unga mweupe. Tumia za stenlesi na washa za mpira. Na geuza gari, mkia baharini siku moja, pua siku ya pili. Au tafuta kivuli.

Mkaa Jambiani
Nimempigia. Hakupokea, kisha kaandika mwenyewe: "Watoto hawajambo?" Barua anaileta kwa mtu anayesafiri Ijumaa. Rangi ya kucha nimeifuta, na gari imelala nyumbani leo mpaka kibao kipatikane. Fundi, hizo skurubu za stenlesi nazipata kwako, au mpaka nishuke Darajani?

Fundi Kwerekwe
Njoo na ile ya zamani mkononi tupime.