Je, ni lazima mhusika mkuu mwenye dosari atubu kabla igizo halijaisha?

Ndugu wapenda tamthiliya wa Mwanza na Kanda ya Ziwa kwa jumla, wapo walimu na viongozi wa vikundi vya maigizo wanaoshikilia kwamba mhusika mkuu aliyekosa sharti atubu mbele ya hadhira, la sivyo vijana wataiga uovu wake. Mimi napinga, na ninaomba nijibiwe kwa hoja.

Tumchukue mvuvi wa kokoro, wavu wa kukokota uliopigwa marufuku kwa sababu hunasa hata samaki wachanga, kwa kuwa uvuvi haramu unatugusa sote huku ziwani. Onyesho baada ya onyesho anawadhulumu wenzake. Mwishoni doria inamkamata, naye anapiga magoti na kuahidi kuacha. Kilichobadilika hapo ni hali yake tu, kwa sababu mtu aliyekwisha kukamatwa hana la kuchagua. Ningemwamini zaidi kama katikati ya igizo, usiku usio na doria, huku deni la injini likimkaba, angewatazama sangara wachanga waliojaa wavuni akasita, hata kama baadaye angewapakia na kwenda kuwauza. Asite tena safari inayofuata, na safari hiyo kusita kumgharimu kitu: agombane na tajiri wake, au apoteze nafasi mtumbwini. Hapo tutakuwa tumemwona akibadilika kwa macho yetu wenyewe, bila kuhubiriwa.

Tena kubadilika si lazima kuwe kutengenea. Makbeth, mhusika mkuu wa tamthiliya ya Shakespeare ambaye Samuel Mushi alimleta katika Kiswahili mwaka 1968, anatetemeka mbele ya jambia la kuwazika kabla hajamuua mfalme Duncan. Kufikia sehemu ya tano, kilio cha wanawake hakimshtui tena, na habari ya kifo cha mkewe haimtoi chozi. Hatubu. Hata hivyo simjui mtazamaji atakayetamani kuwa yeye, kwa maana tumeshuhudia jinsi kila damu anayoimwaga inavyomfanya aione inayofuata kuwa nyepesi.

Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, katika tamthiliya ya mwaka 1969, ananipa mfano mgumu zaidi. Katika Vita vya Maji Maji anawapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani, kisha anaanza kuyatilia shaka, na anatambua kwamba neno alilolizaa limekua kumshinda yeye mwenyewe. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kuyakana, kwa kuwa kuyakana kungewapa watawala nafasi ya kusema kwamba vita vyenyewe vilikuwa kosa. Je, angetubu jukwaani, tungebaki na nini cha kujadili?

Nakubali kwamba igizo fupi linalochezwa sokoni, watu wakiwa wamesimama, halina nafasi ya hatua zote hizo. Lakini hofu kwamba hadhira yetu haiwezi kupima bila kuelekezwa siikubali hata kidogo. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, makundi mawili yanayoshindana ya Wasukuma, watazamaji wa Usukuma ndio wanaoamua mshindi, kwa kulihamia kundi lililowavutia. Watu waliozoea mamlaka hayo kwa nini tuwanyang'anye wakija kutazama igizo?

Kwa hiyo nawaomba mnaotetea toba ya mwisho mtaje tamthiliya moja ambamo toba hiyo ilimbadilisha mhusika kwa kweli, na mtuonyeshe ni onyesho gani la katikati lililoiandaa.