Gofu likijengwa upya, fundi aruhusiwe kuongeza lake?

Mleta mada: Wakuu, kanisa kuu la Notre-Dame la Paris lilipoungua mwaka 2019, wapo waliotaka mnara wa kisasa kabisa juu ya paa. Mwaka uliofuata Ufaransa ikaamua urudishwe uleule. Mimi nasema waliogopa, na shahidi wangu ni msanifu majengo Jan Santini Aichel.

Alizaliwa Prague mwaka 1677, mjukuu wa mwashi aliyehamia huko kutoka Italia. Baba yake alikuwa mchonga mawe, na karakana ingekuwa ya Jan kama si mwili uliopooza upande mmoja. Nyundo ikaenda kwa mdogo wake, yeye akashika kalamu. (Bohemia, yaani nchi ya Wacheki, ilipata faida hapo, kwa maoni yangu.)

Sasa twende Sedlec, hukohuko Bohemia. Kanisa la watawa Wasistersia lilichomwa na wafuasi wa Jan Hus, mhubiri aliyepinga Kanisa Katoliki, mwaka 1421, likakaa gofu karibu miaka 300. Santini alipolipata hakuiga Gothiki ya kale (mtindo wa matao yenye ncha wa Zama za Kati), wala hakuleta Baroki ya Roma (mtindo wa mapambo mengi wa zama zake) kama ilivyo. Alivichanganya. Mbavu za dari zinapishana kama miyaa kwenye ukili. Fundi wa zama za Gothiki angeziona asingejua ni za nani. Tangu 1995 kanisa hilo limo kwenye orodha ya UNESCO. Angeambiwa "rudisha ilivyokuwa", tungepata nini?

Kipimamaji: Mkuu, mbona umeruka kwamba mbavu zenyewe ni plasta? Kwenye Gothiki halisi mbavu hubeba dari. Za Santini ni urembo tu. Mkataba wa Venice wa 1964, ule wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unasema ukarabati ukome pale kubahatisha kunapoanza, na nyongeza ijulikane kuwa ni ya leo. Yake inajifanya mzee.

Mzee wa Kijiweni: Na aliyelipa je? Watawa walitaka watu waone kwamba wao walikuwapo kabla ya Hus na bado wapo. Kule Kladruby, kanisa la watawa Wabenedikto, aliwachorea kazi hiyohiyo kuanzia 1712. Msimfanye msanii huru, alikuwa anawajengea watu hoja yao.

Mleta mada: Ya plasta nimeikubali. Ila mzee wangu, pale Zelená hora, kanisa lake la hija lililoanza kujengwa 1719, hapakuwa na gofu la kufufua. Bado alilichora kwa umbo la nyota ya pembe tano na kulitia madirisha yenye ncha ya Kigothiki. Hapo alikuwa anadanganya umri wa nini?

Kipimamaji: Sawa. Lakini Notre-Dame ilikuwa imeshapimwa kwa leza kabla ya moto. Santini alikuwa na vipimo gani vya dari la 1421?

Mleta mada: Umenikamata. Basi narekebisha: penye vipimo rudisheni, pasipo vipimo mwachieni fundi. Ila mnara ule wa Paris ulibuniwa karne ya 19, baada ya ule wa kale kuondolewa. Huo nao tuuite nini?