Naomba ushauri: barakoa gani inamfaa mtoto kwa hili vumbi la Nzuguni?

BabaWawili_Dom
Mbukwenyi wana Dodoma na wengine wote humu. Naishi Nzuguni, wanaopajua watanielewa, tangu mvua zikatike vumbi ni la kufa mtu. Njia ya kwenda shule ya mwanangu inapita pembeni ya barabara inayochongwa, tipa za kifusi zinapishana toka alfajiri, ikipita moja humuoni mtu aliye mbele yako. Upepo ukianza ndo usiseme, visulisuli vinazoa mchanga vinakuletea mpaka kitandani. Mtoto anakohoa usiku mpaka mama yake halali. Sasa nimeona kuna barakoa za N95, nataka nimvalishe asubuhi avue akirudi jioni. Swali langu moja tu, ipi ni nzuri kwa mtoto na hapa mjini naipata wapi kwa bei ya mwananchi? Naombeni majibu ya maana, hili jambo linaninyima usingizi.

Zuzu Stesheni
Mkuu hama. Iyumbu viwanja vipo, njoo PM tuyajenge.

mama_zabibu
Zuzu huko Iyumbu kwani lami imefika lini, acha kumpoteza mwenzio. Baba pole sana. Mtoto ana miaka mingapi?

BabaWawili_Dom
Yuko chekechea. Ila swali ni barakoa jamani.

Mtemi wa Bahi
Sisi tumechunga ng'ombe huko Bahi kiangazi chote, vumbi la ng'ombe mia mbili unalifuata nyuma kutwa, hakuna aliyejua barakoa na tupo. Watoto wa siku hizi mnawalea kwenye pamba, acheni mwili ujifunze wenyewe.

Kisasa_Boy
Mzee wewe upo, wale waliokufa kwa kifua hawana bando la kuja kukujibu humu. Mimi marehemu baba alifanya kazi ya kuponda kokoto miaka na miaka, jioni anarudi hata kope nyeupe. Alipoanza kukohoa tukaambiwa TB, akanywa dozi akamaliza hali iko vilevile, kuja kupigwa picha vizuri ndo daktari anasema ni vumbi la mawe limekaa kwenye mapafu na halitoki tena. Alikuwa akitoka kitandani kwenda mlangoni anakaa chini kwanza. Mpaka leo nikisikia mtu anasema vumbi halina shida damu inachemka.

mama_zabibu
Pole Kisasa, Mungu amrehemu mzee.

Sayansi_Nyerere Sq
Turudi kwa mleta mada. Vumbi si la aina moja. Lile unaloliona kwa macho likitimka, sehemu kubwa linanasa puani na kooni. La hatari zaidi ni lile laini, PM2.5, chembe ya mikroni 2.5 kushuka chini wakati unywele wa binadamu una kama mikroni 70, hilo linapita moja kwa moja hadi ndani kabisa ya mapafu. WHO mwaka 2021 wameshusha kiwango chao kutoka mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo hadi 5 kwa wastani wa mwaka, ujue hawakufanya kwa kupenda. Barakoa ya kitambaa kwa chembe hizo haikusaidii sana. N95 inachuja angalau asilimia 95 ILA iwe imekaa usoni bila upenyo, na zimetengenezwa kwa uso wa mtu mzima. NIOSH, taasisi ya usalama kazini ya Marekani, ndo inazithibitisha na haithibitishi za watoto. Tafuta KF94 ya Korea saizi ndogo, au za China zenye kiwango cha watoto cha GB/T 38880, hicho kilitoka 2020. Mvalishe, weka viganja pembeni ya mashavu mwambie apumue kwa nguvu, ukisikia hewa inatoka pembeni basi hapo umefunika uso tu.

BabaWawili_Dom
Asante sana mkuu, jibu kama hili ndo nalitafuta. Hizo za watu wazima ukizikaza kamba kwa nyuma si zinambana tu?

NesiWaZamu
Baba Wawili ngoja kwanza. Kikohozi cha usiku umekitaja halafu ukakiruka. Akilala kifua kinapiga mluzi? Akikimbia anakata pumzi mapema kuliko wenzie? Ameshapimwa? Ujibu hayo kwanza, mimi barakoa ya mtoto nisiyemjua kifua chake sikushauri.

Zuzu Stesheni
Nesi kashika usukani 😂

BabaWawili_Dom
Haya. Ana miaka minne. Hospitali walisema ni pumu, wakatoa pampu mbili ya bluu na ya kahawia. Ya bluu tunayo tunampa akibanwa. Ya kahawia tumeipumzisha, mama yangu mzazi amelea watoto saba anasema mtoto akizoea pampu hawezi kuiacha mpaka anazeeka, na mimi kwa kweli naona ana hoja, dawa kila siku asubuhi na jioni na siku hiyo haumwi? Ndo nikaona bora nizuie chanzo chenyewe ambacho ni vumbi. Na barakoa nishalipia boksi zima, N95 za wakubwa, hela hairudi. Msinihukumu, kila mzazi anamjua mwanae.

NesiWaZamu
Hakuna anayekuhukumu, lakini hili ndo lilikuwa la kwanza kusema. Ile ya kahawia inatuliza uvimbe kwenye njia za hewa na inafanya kazi taratibu, ndo maana anapewa hata siku anacheza vizuri, lengo ni asifike kubanwa. Ya bluu inafungua tu kwa muda. Sio ulevi, mtoto haizoei, na daktari huwa anaipunguza hali ikitulia, daktari, sio bibi na sio wewe. Mkishampa asukutue mdomo. Na barakoa inayobana kutwa kwa mtoto wa pumu mwenye miaka minne usifanye, avae pale njiani tu, akianza kubanwa mvue hapo hapo. Ukiona mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, hawezi kumaliza sentensi au midomo inabadilika rangi, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni saa nane usiku.

Mtemi wa Bahi
Bibi asidharauliwe lakini. Dawa za mitishamba zipo.

Mpelelezi wa Jioni
Wakuu mnahangaika bure hii CHAI. Jamaa kaanza "ipi nzuri" kumbe boksi kashalipia. Chekechea zote ninazozijua watoto wanatoka saa sita, huyu wake anarudi jioni. Subirini wiki ijayo, "wakuu nina boksi la N95 limebaki, Dodoma nakuletea ulipo". Nimeshawaona wengi.

Zuzu Stesheni
Duh 😂😂 mleta mada tupe bei basi tujue moja

Kisasa_Boy
Mpelelezi hata kama ni chai, kuna mzazi mwingine anasoma hapa na mwanae ana pumu kweli. Mwacheni nesi aseme.

BabaWawili_Dom
Mnanivunjia heshima. Mtu anauguza mtoto mnaleta utani. Anatoka shule saa sita kweli, mimi na mama yake tuko kazini hadi jioni kwahiyo anashinda kwa shangazi yake, ana kibanda cha kukaanga mihogo na samaki pale pale barabarani. Ndo nikasema avae mpaka jioni. Sasa chai iko wapi hapo?

NesiWaZamu
Anashinda ndani ya kibanda cha kukaangia? Jiko la nini?

BabaWawili_Dom
Mkaa, kuni mkaa ukiisha. Ila anakaa kule nyuma penye pazia.

Sayansi_Nyerere Sq
Mkuu pazia halizuii moshi. Chembe za moshi ni laini kuliko vumbi la tipa, halafu mkaa unatoa na gesi ya monoksidi ya kaboni, hiyo N95 haiichuji hata iwe mpya. WHO wanakadiria moshi wa majikoni uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya laki mbili ni watoto chini ya miaka mitano. Vumbi la tipa anakutana nalo nusu saa. Huo moshi ni mchana kutwa.

BabaWawili_Dom
Shangazi yake hana pa kumpeleka na halipwi, tunamuomba tu. Siwezi kwenda kumwambia moshi wako unaua.

mama_zabibu
Huna haja ya kumwambia hivyo. Jirani mwenye geti asikae naye mchana kwa ujira kidogo? Hela ambayo ungenunulia boksi la pili itatosha. Na tipa, nendeni wazazi kadhaa kwa mtendaji, mkandarasi anatakiwa amwagie maji njia, asipopitisha boza NEMC, wale wa mazingira, wapo.

Mpelelezi wa Jioni
Stori inaongezeka kila akibanwa. Nimekaa paleee.

BabaWawili_Dom
Nesi nikuulize. Pampu ukimpulizia moja kwa moja nusu inabaki kwenye ulimi, analia anatema. Nilisikia kuna chupa?

NesiWaZamu
Ndio. Chupa ya plastiki ya nusu lita, ioshe iwe kavu. Kitako chake kitoboe kwa waya wa moto, tundu lienee mdomo wa pampu kabisa, pembeni ziba na gundi au plasta isivuje. Mdomo wa chupa unaingia kinywani kwa mtoto, afumbe midomo vizuri, tikisa pampu, puliza mara moja, apumue taratibu ndani ya chupa mara tano. Mfanye iwe mchezo hatalia. Jumatatu mpeleke kliniki na pampu zote mbili, ya kahawia angalia tarehe haijaisha.

BabaWawili_Dom
Ya kahawia iko kwa bibi. Nitaifuata kesho, ila ya kumpa kila siku nitaongea kwanza na daktari.

NesiWaZamu
Sawa. Ongea naye Jumatatu, isipite hapo.